Kuchora mti wa ukoo wa Malkia Victoria hadi 1918: mwongozo kamili

Mpenzi wa historia ya wafalme wa Ulaya hukwama mapema, na kinachomkwamisha ni majina. Victoria mama, Victoria binti (Vicky), Victoria wa Hesse, Victoria Melita, Victoria Eugenie, Viktoria Luise: hao wote ni wa ukoo mmoja, na kitabu kinaweza kuwataja watatu kati yao katika ukurasa mmoja. Kupakua mti uliochorwa na mwingine hakusaidii sana, kwa sababu jicho hupita juu yake bila kushika kitu. Ukiuchora mwenyewe, kwa penseli na rula, baada ya wiki moja utawajua kama unavyowajua watu wa mtaani kwenu.

Mwongozo huu unaanzia kwa Malkia Victoria wa Uingereza (1819–1901) na mumewe Albert wa Saxe-Coburg na Gotha, kisha unaunganisha ukoo huo na wa Christian IX wa Denmark (1818–1906), ambaye watu walimwita baba mkwe wa Ulaya. Kwa koo hizi mbili utapata viti vingi vya enzi vya Ulaya vya wakati wa vita vya 1914.

Vifaa

Karatasi mbili za A1 (milimita 594 kwa 841). Manila nyeupe iliyokatwa kwa kipimo hicho inafaa, ila chagua isiyo na mng'ao, la sivyo wino utasambaa. Rula ya chuma ya sentimita 60 au zaidi, penseli ya HB na kifutio laini. Kalamu nyeusi mbili, ya milimita 0.3 kwa maandishi na 0.5 kwa mistari, na kalamu nyekundu na ya bluu. Na karatasi 14 za A4 za kukatia kadi.

Programu za kompyuta zipo, Gramps ni ya bure na ni nzuri, lakini mtu anayeanza nayo huishia kujifunza programu badala ya ukoo. Iache hadi mti wa karatasi ukamilike.

Hatua ya kwanza: kadi

Kata kila A4 vipande vinane. Upande wa Victoria unahitaji kadi 60: Victoria na Albert (2), watoto wao (9), wenzi wa watoto (9) na wajukuu (40). Upande wa Christian IX utaongeza 45. Wajukuu wake ni 39, lakini sita ni watoto wa binti yake Alexandra na Edward VII, nao tayari wana kadi, pamoja na wazazi wao.

Utasoma mahali pengi kwamba wajukuu wa Victoria ni 42. Hesabu hiyo inaingiza watoto wawili waliozaliwa wafu, mmoja wa Alfred na mmoja wa Helena. Waliozaliwa hai ni 40: Vicky 8, Edward 6, Alice 7, Alfred 5, Helena 5, Louise hakuna, Arthur 3, Leopold 2, Beatrice 4. Ukipata 41 au 39 kwenye kadi zako, rudia kuhesabu familia moja moja kabla ya kugusa manila. Anayesahaulika mara nyingi ni Alexander John, mtoto wa mwisho wa Edward, aliyeishi siku moja tu mwaka 1871.

Kwenye kila kadi andika: namba, jina alilotawala nalo, jina la kuzaliwa, jina la nyumbani, kuzaliwa, ndoa, kurithi kiti, kutawazwa, kufa. Kurithi kiti na kutawazwa ni vitu viwili, na ukivichanganya mti wote utakuwa na miaka ya uongo. Edward VII alirithi kiti siku aliyofariki mama yake, 22 Januari 1901, lakini alivikwa taji 9 Agosti 1902, baada ya sherehe kuahirishwa kwa sababu ya upasuaji. Nikolai II wa Urusi alirithi Novemba 1894 na kutawazwa Mei 1896. Utawala huhesabiwa kuanzia kurithi.

Hatua ya pili: namba

Namba ndiyo itakayokuokoa na akina Victoria wote wale. Victoria ni V. Watoto wake ni V.1 hadi V.9 kwa kufuata kuzaliwa, si kwa kutanguliza wavulana. Wajukuu wanaongezewa tarakimu: mtoto wa kwanza wa Vicky, Wilhelm II, ni V.1.1, mtoto wa pili wa Edward, George V, ni V.2.2, kwa kuwa kaka yake Albert Victor aliyefariki 1892 ndiye V.2.1. Upande wa Denmark tumia C: Frederik VIII ni C.1, Alexandra C.2, Georgios I wa Ugiriki C.3, Dagmar C.4, Thyra C.5, Valdemar C.6.

Mtu mwenye wazazi kutoka pande zote mbili hubeba namba mbili. George V ni V.2.2 na pia C.2.2. Usiichague moja na kuitupa nyingine, maana faida yote imo humo.

Wajukuu saba wa Victoria walikuwa kwenye kiti cha enzi au kando ya mfalme wakati wa vita vya 1914–1918. Waandikie kadi zao kwanza, ndio nguzo za mti:

V.1.1 Wilhelm II, Kaisari wa Ujerumani
V.1.7 Sophie, mke wa Konstantinos I wa Ugiriki
V.2.2 George V wa Uingereza
V.2.5 Maud, mke wa Haakon VII wa Norway
V.3.6 Alix, mke wa Tsar Nikolai II wa Urusi
V.4.2 Marie, mke wa Ferdinand I wa Romania
V.9.2 Victoria Eugenie (Ena), mke wa Alfonso XIII wa Uhispania

Margaret, V.7.1, aliolewa Sweden 1905, lakini alifariki 1920 kabla mumewe hajawa mfalme. Hakuwa malkia kamwe, ingawa miti mingi ya mtandaoni humvika taji.

Hatua ya tatu: majina yanayobadilika

Mtu akipanda kiti au akiolewa ugenini, jina lake huweza kubadilika. Albert Edward akawa Edward VII. Mwanamfalme Vilhelm wa Denmark alipoitwa kutawala Ugiriki mwaka 1863 akawa Georgios I. Carl wa Denmark akawa Haakon VII mwaka 1905. Dagmar alipoolewa Urusi akawa Maria Feodorovna, na Alix akawa Alexandra Feodorovna.

Hapo kwenye Feodorovna pana mtego. Jina la katikati la Kirusi kwa kawaida ni la baba, sawasawa na bin na binti za pwani: Nikolai Aleksandrovich ni Nikolai bin Aleksandr. Lakini baba yake Alix aliitwa Ludwig, na baba yake Dagmar ni Christian. Feodorovna lilikuwa jina walilopewa mabibi harusi kadhaa wa kigeni walipoingia dini ya Orthodox, nalo huhusishwa na sanamu takatifu ya Mama wa Mungu wa Feodorov. Ukimtafuta huyo baba Feodor utamtafuta hadi kesho. Isitoshe, Maria Feodorovna wako wawili, mke wa Paulo I na mke wa Aleksandr III. Alexandra Feodorovna pia wawili, mke wa Nikolai I na mke wa Nikolai II. Bila mwaka wa kuzaliwa pembeni, jina hilo halikuambii kitu.

Tahajia fuata ya nchi aliyotawala mtu, kisha usiyumbe: Wilhelm wa Ujerumani, Georgios wa Ugiriki, George wa Uingereza. Jina la nyumba ya kifalme nalo liwekee tarehe. Ukoo wa Uingereza uliitwa Saxe-Coburg na Gotha hadi 17 Julai 1917, George V alipoubadilisha kuwa Windsor kwa sababu Kijerumani hakikutamkika tena London. Kiangazi hicho hicho ukoo wa Battenberg wa Uingereza ukawa Mountbatten. Kumwandika Edward VII, aliyefariki 1910, kuwa wa Windsor ni kosa.

Hatua ya nne: tarehe za Urusi na Ugiriki

Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi hadi 31 Januari 1918, na kesho yake ikawa 14 Februari. Ugiriki ilingoja hadi 1923. Ili kupata tarehe ya kalenda yetu, ongeza siku 11 kwa matukio ya karne ya 18, siku 12 kuanzia Machi 1800 hadi mwisho wa Februari 1900, na siku 13 kuanzia Machi 1900.

Kosa la kawaida ni kuongeza 13 kila mahali. Nikolai II alizaliwa 6 Mei 1868 kwa kalenda ya kwao. Ongeza 12, unapata 18 Mei. Lakini utaona pia 19 Mei imeandikwa, kwa sababu katika karne ya 20 sikukuu yake ya 6 Mei iliangukia tarehe hiyo. Ya kuandika ni 18.

Kosa la pili ni kuongeza mara mbili. Alix alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, tarehe 6 Juni 1872, na Warusi wakaiandika 25 Mei. Asiyejua ataichukua 6 Juni na kuiongezea 12 tena. Kila tarehe ya Urusi au Ugiriki ifuatishe na herufi J (ya zamani) au G (yetu), na kwenye mti weka G pekee. Jipime kwa huyu: Philip, aliyekuja kumwoa Elizabeth II, alizaliwa Corfu 28 Mei 1921 J. Usipopata 10 Juni, rudia hesabu.

Hatua ya tano: kupima karatasi

Laza A1 kwa upana. Usianze juu kwa Victoria, maana ukianza juu, utafika kwa wajukuu nafasi imekwisha na watoto wa Beatrice wanabanwa ukingoni. Anza na safu ya wajukuu.

Kila mjukuu apate kisanduku cha upana wa milimita 17 na urefu wa 65, jina likiandikwa wima. Ndani ya familia moja acha milimita 2 kati ya visanduku, na kati ya familia na familia acha 8. Visanduku 40 vinakula 680, nafasi 32 za ndani zinakula 64, nafasi 7 za kati zinakula 56. Jumla 800, unabaki na ukingo wa milimita 20 kila upande. Hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo pima kutoka ukingo mmoja mfululizo. Ukipima kila kisanduku kutoka kwa jirani yake, kosa la nusu milimita litakuwa sentimita mbili ukifika mwisho.

Chora safu hii milimita 280 kutoka juu. Safu ya watoto iwe kwenye 150, visanduku vya upana 34 na urefu 60, kila mzazi katikati juu ya wanawe. Nusu ya juu ni ya mtoto wa Victoria, nusu ya chini ni ya mwenzi wake. Leopold mwenye watoto wawili ana milimita 36 tu chini yake, ndiyo sababu mwenzi hawekwi ubavuni. Louise asiye na watoto anaingia kati ya Helena na Arthur, ambapo panabaki milimita 48, basi kisanduku chake kinakaa na 7 kila upande. Victoria na Albert wakae juu, kwenye milimita 60. Watoto wawili waliozaliwa wafu wawekee pembetatu ndogo kwenye mstari wa wazazi wao, bila kisanduku.

Chini ya wajukuu panabaki zaidi ya sentimita 20. Usijaribu kuwaweka vitukuu wote, weka wale tu unaowahitaji. Christian IX achorwe kwenye karatasi ya pili kwa mtindo uleule.

Ndoa za ndani ya ukoo ndizo zinazoharibu michoro. Heinrich wa Prussia (V.1.3) alimwoa Irene wa Hesse (V.3.3), na mama zao ni ndugu. Maud (C.2.5) aliolewa na Haakon VII (C.1.2). Sophie (V.1.7) aliolewa na Konstantinos (C.3.1). Ukivuta mstari kila mara kutoka kisanduku hadi kisanduku, karatasi itafanana na nyavu ya mvuvi. Badala yake andika namba ya mwenzi chini ya jina, kwa bluu ikiwa anatoka upande wa C. Mstari mrefu mmoja tu unastahili kuchorwa, ule wa Edward na Alexandra, na huo uvuke kutoka karatasi moja hadi nyingine.

Ndoa ambazo mmoja hakuhesabiwa kuwa wa hadhi ya kifalme, ambazo Wajerumani waliziita za mkono wa kushoto, zichore kwa mstari wa nukta. Watoto wa ndoa hizo hawakupata cheo cha baba wala haki ya kurithi kiti. Battenberg wenyewe wametoka humo: Alexander wa Hesse alimwoa Julia Hauke mwaka 1851, na watoto wakapewa jina jipya. Franz Ferdinand wa Austria na Sophie Chotek, ndoa ya 1900, watoto wao ni Hohenberg, si Habsburg.

Hatua ya sita: nani ni nani kwa nani

Hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza kwa uzuri. Waingereza wana neno moja kwa watoto wote wa ndugu wa wazazi, na ndiyo maana vitabu vyao husema kwa mkupuo kwamba George, Wilhelm na Nikolai walikuwa binamu watatu. Weka uhusiano wao kwa maneno yetu uone.

George na Wilhelm: Edward VII ni kaka wa Vicky. Kwa Wilhelm, Edward ni mjomba. Kwa George, Vicky ni shangazi. Hawa ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, binamu barabara.

George na Nikolai: Alexandra na Dagmar ni dada, na Alexandra ndiye mkubwa. Kwa Nikolai, mama yake George ni mama mkubwa. Kwa George, mama yake Nikolai ni mama mdogo. Kwetu hao ni ndugu. Ukiona picha zao wakiwa wamesimama pamoja, ndevu na macho yaleyale, neno ndugu linakaa vizuri zaidi.

Wilhelm na Nikolai: damu yao iko mbali. Friedrich Wilhelm III wa Prussia ni babu wa baba yake Wilhelm, na binti wa mfalme huyo, Charlotte, aliolewa na Nikolai I wa Urusi. Hivyo Wilhelm ni kitukuu cha mfalme huyo na Nikolai II ni kilembwe chake. Kilicho karibu ni ndoa: Alix ni mtoto wa Alice, mdogo wake Vicky, basi Wilhelm na Alix ni ndugu kwa mama mkubwa na mama mdogo, na Nikolai ni shemeji ya Wilhelm.

Kwa walio chini zaidi, tumia namba. Ondoa sehemu inayofanana mwanzoni, kisha hesabu tarakimu zilizobaki: moja ni mtoto, mbili mjukuu, tatu kitukuu, nne kilembwe, tano kining'ina. Elizabeth II ni V.2.2.2.1, na Philip ni V.3.1.1.5. Kinachofanana ni V tu, na kila mmoja amebaki na tarakimu nne, basi wote wawili ni vilembwe vya Victoria. Upande wa Denmark Elizabeth ni C.2.2.2.1 na Philip ni C.3.7.5: yeye kilembwe, mumewe kitukuu. Kwa hesabu ya C, Philip ni wa kizazi cha baba mkwe wake.

Hatua ya saba: hemofilia kwa wino mwekundu

Hemofilia ni ugonjwa wa damu kutoganda. Jaza nyekundu kisanduku cha mwanamume aliyeugua. Mwanamke mbebaji, yaani anayeweza kuurithisha ugonjwa, mwekee nukta nyekundu. Walio wazi: Leopold (V.8, alifariki 1884), Friedrich wa Hesse (V.3.5, alianguka dirishani 1873 akiwa na miaka miwili), Waldemar na Heinrich wana wa Irene, Leopold mwana wa Beatrice (V.9.3), Aleksei wa Urusi (V.3.6.5), Rupert mjukuu wa Leopold, na wana wawili wa Ena huko Uhispania, Alfonso na Gonzalo. Nukta ziende kwa Victoria, Alice, Beatrice, Irene, Alix, Ena na Alice binti Leopold.

Kagua kwa kanuni ya urithi. Ugonjwa uko kwenye kromosomu ya X. Baba mgonjwa hawapi wanawe wa kiume hata mmoja, lakini mabinti zake wote ni wabebaji. Mama mbebaji humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu. Mwanamume mzima hana cha kurithisha. Edward VII alikuwa mzima, kwa hiyo ukijikuta umeweka wekundu chini ya V.2, umekosea. Usiweke nukta kwa Vicky kwa kudhani tu. Uchunguzi wa DNA wa mabaki ya Romanov, familia ya Nikolai II, uliotangazwa 2009 ulionyesha kuwa ilikuwa hemofilia ya aina B.

Hatua ya nane: kuujaribu mti

Kabla ya kupitisha wino, lisimamishe mbele ya mti dai moja linalojulikana sana na uone kama linasimama. Chukua lile la kwetu Afrika Mashariki, kwamba Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaisari Wilhelm mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Tazama kadi ya V.1.1: kurithi kiti, 15 Juni 1888. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliyouweka mlima upande wa Wajerumani ni ya 1886. Mwaka huo kaisari alikuwa babu yake, Wilhelm I, na baba yake alikuwa bado mrithi. Kilichomhusu Wilhelm II ni jina: Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 alikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze.

Jaribu la pili: 24 Mei 1913 Viktoria Luise (V.1.1.7) aliolewa Berlin na Ernst August wa Hanover (C.5.6), na George, Nikolai na Wilhelm walikuwepo wote watatu. Weka kidole juu ya kila mmoja na useme kwa sauti anahusianaje na bwana harusi. George na Nikolai watakujia haraka, kwani Thyra ni mama yao mdogo wote wawili. Wilhelm, kwenye mti huu, atakuwa baba mkwe tu. Ukikwama kwa yeyote, kuna namba ya C uliyosahau kuiandika. Itafute kwa penseli sasa, maana wino mweusi kwenye manila haufutiki bila kuacha doa.